Mwindaji Mgeni: Kwa Nini Watu Hutunga Visa vya Asili Yao

Wasomaji wetu, na hasa ninyi walimu na wazee mnaotunza habari za kale, katika somo hili twapenda kuzungumza juu ya jambo lililo karibu nasi sana hata tumesahau kuliuliza. Kwa nini wanadamu hutunga visa? Liko kabila lisilojua kufua chuma, na liko lisilofuga wala kulima, lakini lisilo na hadithi halijapata kuonekana. Nyani huonyana wakimwona chui, na nyuki huelekezana penye maua, walakini hakuna nyani aliyeketi jioni akawasimulia watoto wake habari za nyani wa kwanza. Kazi hiyo ni yetu peke yetu, nasi twaifanya kila siku pasipo kulipwa.

Mtu akitaka kuliona jambo hili kwa macho yake, na aende Igwachanya, au kijiji cho chote cha Ubena, katika miezi ya Juni na Julai wakati baridi inapokaza. Mchana watu husema maneno ya mchana: mahindi yamekauka au bado, bei ya alizeti, mbolea, ng'ombe wa fulani walioingia shamba la fulani. Jua likitua, watu wakiusogelea moto, maneno hugeuka. Mtu aliyenyamaza tangu asubuhi huanza kusema, "Siku moja, baba yangu alipokuwa kijana," na mara hiyo mwenye ng'ombe na mwenye shamba huacha ugomvi wao wakasikiliza.

Wala si Ubena tu. Bibi mmoja mtaalamu, Polly Wiessner, aliyaandika mazungumzo ya watu wa Kalahari wanaojiita Ju/'hoansi, mpakani mwa Botswana na Namibia, mwaka 1974, akatoa hesabu yake mwaka 2014. Aliona ya kuwa mchana, katika kila mazungumzo 100, yaliyokuwa hadithi ni 6 tu; mengi yalikuwa manung'uniko juu ya wenzao, na shauri la chakula na mali. Usiku penye moto, 81 katika 100 yalikuwa hadithi. Watu ni wale wale na kijiji ni kile kile. Mchana wanapimana, nani mvivu na nani mchoyo. Usiku wanaunganishwa na habari za watu wasiokuwapo, wengine walio mbali na wengine waliokufa.

Wataalamu wengine walitaka kujua kama kusimulia kwaleta faida yo yote, au ni kupitisha wakati tu. Walikwenda kwa Waagta, watu wawindaji na wavuvi wa nchi ya Filipino, wakatoa habari yao mwaka 2017. Katika kambi 18 waliuliza ni nani wasimulizi hodari, kisha wakampa kila mtu mchele na kumwambia achague: auweke wote kwake, au awape wenzake sehemu. Katika kambi zenye wasimulizi hodari wengi, watu walitoa zaidi. Hata hadithi zenyewe zahusu jambo hilo. Mojawapo yasimulia jinsi jua na mwezi walivyogombea kuangaza mbingu, wakapigana, wakaonekana nguvu sawa, ndipo wakagawana, huyu mchana na huyu usiku. Kwa Waagta hakuna polisi wala baraza la hukumu. Kisa ndicho kinachomfundisha kila mtu, kabla hajakosa, jinsi wenzake wanavyotazamia atende.

Lakini yatupasa kutofautisha aina mbili za visa, maana wengi huzichanganya. Iko hadithi ya sungura na fisi, nayo haimdanganyi mtu. Msimulizi wa Kiswahili, kabla hajafungua kinywa, huita waziwazi: hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea. Amekwisha kukiri! Hakuna mtoto anayekwenda porini kumtafuta sungura yule. Aina ya pili ni kisa cha asili: tulitoka wapi, ukoo huu umepataje nchi hii, kwa nini nyumba ya fulani hutoa watawala na nyumba yetu haitoi. Kisa hiki hakianzi kwa kuita uongo. Huanza kwa sauti ya chini, na msimulizi hutaja mlima na mto, na pengine kaburi. Juu ya hicho ndipo panapotolewa hukumu za ardhi na za cheo, na wakati mwingine ndipo panapomwagika damu. Hicho ndicho twataka kukitazama leo.

Tuchukue kisa kinachojulikana sana katika nchi zetu hizi za juu, nacho ni cha jirani zetu Wahehe. Husimuliwa ya kwamba zamani alifika mwindaji mmoja, jina lake Mufwimi, katika nchi ya Ng'uluhe iliyotawaliwa na Mwamududa. Alikuwa mgeni, hana ukoo pale. Akakaa, akawa akiwinda, akapendana na Semduda, binti wa mtawala, hata binti akachukua mimba. Mufwimi hakuishi kumwona mwanawe akiwa mtu mzima, kwa maana aliuawa na nyati mawindoni. Mtoto akaitwa Muyinga, akakua, akairithi nchi ya babu yake mzaa mama. Kutoka kwake ulizaliwa ukoo wa Wamuyinga, na kutoka ukoo huo alitokea Munyigumba, na mwana wa Munyigumba ndiye Mkwawa, aliyepigana na Wadachi tangu 1891 hata kufa kwake Julai 1898.

Msomaji ajuaye Kihehe au Kibena amekwisha kutambua jambo moja. Mufwimi maana yake ni mwindaji. Yaani kisa chasema: alifika mwindaji, jina lake Mwindaji. Mtu wa kweli huwa na jina alilopewa na wazazi wake. Huyu jina lake ni kazi yake tu, na jambo hilo latufanya tushuku ya kuwa hapa hatusomi cheti cha kuzaliwa.

Sasa tuvuke nchi twende Usambara, safari ya siku nyingi kwa miguu, kwa watu ambao Wahehe wa zamani hawakuwajua. Huko Wakilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa, walisema asili yao ni Mbegha. Mbegha naye alikuwa mwindaji. Alizaliwa Unguu akiota meno ya juu kwanza, jambo lililohesabiwa kuwa nuksi, na ndugu zake wakamkatalia urithi. Akatoka akitangatanga na mbwa wake, akiwinda nguruwe, hata akapanda milima ya Usambara. Aliwapa wenyeji nyama, nao wakampa vyakula vya shamba. Huko Vugha akamwua simba aliyevamia ng'ombe, na watu wakamfanya mtawala wao. Habari hizi ziliandikwa kwa Kiswahili na Abdallah bin Hemedi, na kitabu chake juu ya Wakilindi kilichapwa huko Magila kati ya 1895 na 1907. Twawashauri walimu wakitafute, maana Kiswahili chake ni kizuri mno.

Tuvuke tena, magharibi, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, mpaka kwa Waluba wa Kongo. Huko husimuliwa habari za mtawala mkali Nkongolo, na mgeni aliyetoka upande wa mashariki, Mbidi Kiluwe. Huyo naye? Mwindaji. Akaja, akapokelewa, akazaa na dada ya Nkongolo, kisha akarudi kwao. Mtoto, Kalala Ilunga, akakua hodari kuliko mjomba wake; mjomba akamchimbia shimo la mikuki, mpiga ngoma akamwonya, akakimbilia kwa baba yake akarudi na jeshi, na Nkongolo akakatwa kichwa. Ndiye asili ya wafalme wa Waluba.

Hawa ni wawindaji watatu katika nchi tatu zilizo mbali. Je, walikuwa ndugu? Kisa kimoja kilisafiri na wafanya biashara kutoka nchi hata nchi? Pengine kwa sehemu, kwa kuwa visa husafiri kama mbegu katika manyoya ya mbuzi. Lakini hata mbegu huota tu mahali penye udongo unaoifaa. Yatubidi tuulize udongo huo ni nini.

Sisi twaona hivi. Katika kila nchi hizo palikuwapo koo nyingi, kila ukoo na mzee wake, na mashamba yake, na makaburi yake, na kila mmoja ukijidai kuwa wa kwanza kufika. Baadaye nyumba moja ikazitawala zote. Hapo lilizuka swali ambalo halikuweza kukwepwa: kwa haki gani? Nyumba ile haikuweza kusema, "Sisi ndio wenyeji wa kwanza," maana makaburi ya wengine yangeikanusha. Wala ikisema, "Tulishinda kwa mkuki," ingekuwa imewaambia wote ya kwamba mwenye mkuki mrefu zaidi kesho ana haki ya kuiondoa. Yatakiwa jibu la tatu, na mwindaji mgeni ndiye jibu hilo.

Angalieni jinsi lilivyotengenezwa kwa akili. Mwindaji haji na jeshi, huja peke yake, kwa hiyo hakuna aliyeshindwa. Haji kunyang'anya mashamba, maana yeye si mkulima. Huja na nyama, na nyama haiwekwi ghalani kama mtama. Mnyama akiuawa lazima agawanywe siku hiyo hiyo, na mgawaji ndiye mkubwa. Kisha hupewa mke, au humpata kwa siri, na mtoto huwa wa pande mbili: kwa mama ni mwenyeji kabisa, damu ya wenye nchi, kwa baba si wa ukoo wo wote wa pale, kwa hiyo hawezi kupendelea ukoo mmoja juu ya mwingine. Nani afaaye zaidi kuamua shauri kati ya koo mbili zinazogombana kuliko mtu ambaye ni ndugu wa wote na si mtu wa ye yote? Na kwa watu wanaohesabu ukoo kwa baba, kama Wahehe, kisa cha Semduda chatatua fumbo gumu hasa, yaani jinsi nchi ilivyoweza kupita kutoka kwa mtawala hata kwa mtoto wa binti yake bila wizi.

Twarudia, kwa kuwa hili ndilo shina la somo letu. Mtu hatungi kisa cha asili kwa sababu hajui mambo yaliyopita. Hukitunga kwa sababu yako maswali ambayo watu hawawezi kuishi pamoja pasipo kukubaliana jibu lake, na ushahidi hautoshi kuwapatanisha, au ushahidi ukiwapo utawagombanisha.

Hapo hapo yatupasa kutazama kile ambacho kisa chaacha kusema. Ufalme wa Wahehe haukujengwa kwa nyama ya kugawa tu. Katikati ya karne ya 19 Munyigumba aliunganisha nchi ndogo nyingi, naye alikuwa na mikuki mingi. Wabena wanajua. Katika miaka ya 1870 Wahehe waliwapiga Wabena wa Mtengela, na sehemu yao wakateremka kwenye bonde la Kilombero, wakajulikana kama Wabena wa Mito. Mzee wa Kibena akiisimulia asili ya nguvu za Wahehe hamtaji Mufwimi. Ataanza na vita. Wote wawili wasema kweli wanayoihitaji. Basi mtu asikilizaye kisa cha asili na ajiulize pia: nani anayekisimulia, na nani ambaye hakualikwa kukaa karibu na moto wakati kilipotungwa?

Je, visa hivi ni uongo mtupu basi? Hapana, na tusiwe wepesi wa kusema hivyo kama walivyosema wengi waliosoma kidogo. Tuteremke pwani kidogo tuone. Habari za kale za Kilwa, ambazo Mreno João de Barros alizichapa kwa lugha yake mwaka 1552, na ambazo ziko pia kwa Kiarabu, zasema ya kuwa Ali, mwana wa mfalme wa Shirazi, alifika kwa jahazi akakinunua kisiwa kutoka kwa mwenyeji kwa nguo, na kwa Kiarabu imeandikwa kwamba nguo hizo zilitosha kukizunguka kisiwa chote. Ni mgeni yule yule! Bara alikuja na nyama. Pwani, penye biashara, amekuja na nguo. Kwa miaka mingi wataalamu wengi walikicheka kisa cha Shirazi, wakasema ni majivuno ya watu waliotaka kuonekana si Waafrika. Nao walikuwa na sababu, maana mijini kwenyewe, katika lugha na ujenzi na vyungu, kila jambo laonyesha kuwa Waswahili ni watu wa Afrika.

Lakini mwaka 2023 ilitolewa habari ya uchunguzi wa mifupa ya watu 80 waliozikwa zamani, wengi wao katika miji ya pwani ya Kenya na Tanzania. Wataalamu wa siku hizi waweza kusoma katika mfupa alama za urithi wa baba na za urithi wa mama. Waliona ya kuwa tangu mwaka 1000 hivi damu za Asia, nyingi kutoka Uajemi, zilichanganyika na za Afrika. Na zaidi ni kwamba urithi wa Kiajemi ulitoka hasa kwa wanaume, na wa Kiafrika hasa kwa wanawake. Mgeni mwanamume, binti wa mwenyeji. Kisa kilikuwa kimeikumbuka sura ya jambo kwa muda wa miaka 1000, ingawa huyo Ali na nguo zake hatuwezi kumpata katika kaburi lo lote. Na yale ambayo kisa kiliyafanya madogo, yaani mama zao Waafrika, mifupa imeyarudishia ukubwa wake.

Kwa sababu hiyo hatumwambii mwalimu avitupe visa vya asili, wala hatumwambii aviweke ubaoni kama hesabu. Kisa ni kama njia ya ng'ombe: yaonyesha ya kuwa ng'ombe walipita, na walikuwa wakienda majini, haionyeshi walikuwa wangapi wala ni wa nani.

Kisa pia hubadilika mahitaji yakibadilika, na hili halihitaji miaka 1000. Mufwimi mwenyewe, wengine husema alitoka Usagara, upande wa mashariki, nchi ambayo mtu aweza kufika kwa miguu. Wako wasimulizi wengine wanaosema alitoka Uhabeshi. Kwa nini Uhabeshi? Mtu akumbuke ya kuwa mwaka 1896 Wahabeshi waliwashinda Waitalia huko Adwa, na Uhabeshi ukajulikana pote kuwa ufalme wa Kiafrika wa kale, uliotajwa hata katika Biblia. Watu wa Mkwawa, walioyashinda majeshi ya Wadachi huko Lugalo mwaka 1891, wangeona ndugu wapi wa kuwafaa zaidi? Hatusemi mtu fulani alikaa akalitunga. Visa haviendi hivyo. Msimulizi mmoja husema, "Labda," wa pili husema, "Husemwa," wa tatu huacha yote mawili.

Wakati mwingine hubadilika kwa sababu ya Serikali. Gavana Sir Donald Cameron, aliyekuwa Tanganyika kati ya 1925 na 1931, alileta utawala wa kutumia watemi, na sheria yake ikatoka mwaka 1926. Maafisa wakazunguka wilayani wakiuliza kila mahali: kabila lenu ni lipi, na mtawala wenu wa haki ni nani? Watu waliokuwa wakijiita kwa majina ya koo na vilima vyao sasa walitakiwa wawe kabila moja lenye asili moja. Wenye kudai utemi wakaleta nasaba zao, na aliyekuwa na kisa kirefu kisichokatika alikuwa na nafasi kuliko mwenye kisa kifupi. Afisa akaandika alichoambiwa, na kilichoandikwa kikawa kama ushahidi. Watoto wa wale waliokisimulia wakasoma katika kitabu maneno ya baba zao, wakasema, "Naam, ndivyo ilivyo, imeandikwa!" Utawala wa watemi uliondolewa na sheria mwaka 1963, lakini visa vilivyonyooshwa wakati ule bado vinasimuliwa.

Siku zile zile, mwaka 1928, ilifunguliwa shule ya Malangali, isiyo mbali na Makambako, na Bwana Mumford aliyeisimamia alitaka wazee wa kikabila wawe shuleni wawafundishe vijana mila na habari za kale. Lilikuwa jambo la busara kwa upande mmoja, kwa kuwa shule nyingi za wakati ule zilimfundisha mtoto mito ya Ulaya asijue jina la babu ya babu yake. Walakini mwalimu na afikiri: kisa kikitoka motoni kikaingia darasani kimepoteza kitu. Motoni kuna mzee wa pili anayesema, "Hapana, sivyo, mimi nilisikia vingine." Darasani hakuna mzee wa pili.

Na kukosekana kwa mtu wa kusema "sivyo" ni jambo la hatari. Nchi ya Njombe yalijua hilo. Mwaka 1905 zilifika huku habari kutoka Ngarambe, karibu na mto Rufiji. Husimuliwa ya kuwa mtu aitwaye Kinjikitile Ngwale alichukuliwa na pepo akaingia majini, watu wakamtafuta wasimwone, na siku ya pili akatoka nguo zake zikiwa kavu. Akawapa watu maji ya dawa, akasema risasi za Wadachi zitageuka maji. Yeye mwenyewe Wadachi walimnyonga mwezi wa Agosti mwaka huo, lakini wajumbe walioitwa hongo walikuwa wamekwisha kusambaa, wakapanda mpaka Ubena. Mtemi Mbeyela akaipokea dawa, na katika Septemba 1905 watu wake wakaishambulia misheni ya Yakobi. Walijua kazi ya bunduki, wala hawakuwa wapumbavu. Waliuendea moto wa risasi wakiwa wameshika kisa.

Tukipime kisa hiki kwa haki, kama tulivyopima cha mwindaji. Nacho kilijibu swali ambalo watu hawakuweza kulikwepa. Watu wa kusini walikuwa wamechoshwa na kodi, na mashamba ya pamba, na viboko. Na koo na makabila yao yalikuwa yamepigana wenyewe kwa wenyewe muda mrefu. Nani atamfuata nani? Mmatumbi hawezi kumfuata Mngoni, wala Mbena kumfuata Mpogoro. Maji hayana kabila. Atokaye majini ni mgeni kwa wote, kama yule mwindaji, na dawa yake yagawanywa kwa wote kama nyama. Kwa kazi ya kuunganisha watu, hakijapata kutungwa katika nchi hii kisa kilichofanya kazi upesi namna ile: ndani ya miezi michache makabila kama 20 yalikuwa vitani pamoja.

Ila kisa cha mwindaji kilisema mambo ya jana, na mambo ya jana hayamwui mtu akikosea kidogo. Kisa cha maji kilisema jambo la kesho asubuhi, na risasi haikukubali. Vita viliisha mwaka 1907, na njaa ikaingia kwa sababu majeshi yalichoma ghala na mashamba. Serikali ya Kijerumani ilihesabu watu 75,000 waliokufa. Mwanahistoria Gwassa, aliyewasikiliza wazee walioyaona mambo yale, alikisia kati ya 250,000 na 300,000. Wako waliokikataa kisa tangu mwanzo. Wahehe wengi hawakushika silaha safari ile. Walikuwa wametoka katika vita vya Mkwawa miaka 7 tu iliyopita, na walikuwa na kisa chao wenyewe juu ya risasi. Kiwanga wa Wabena wa Mito alisimama upande wa Wadachi, akauawa. Ndani ya Wabena, basi, kisa kimoja kilipokelewa na kukataliwa, na mpaka leo nyumba zilizo na wazee hazisimulii mwaka ule kwa maneno mamoja.

Hapa twageukia kazi yenyewe tunayowaomba wasomaji wetu. Igwachanya imekuwa makao makuu ya wilaya ya Wanging'ombe, iliyoanzishwa mwaka 2012. Watu wametoka kila upande, Wabena, Wahehe, Wakinga, Wasangu na wengine, na watoto wao wanakaa dawati moja. Mji mpya huwa na haja ya kisa cha asili. Utapata chake tu, upende usipende, na miaka 50 ijayo mtoto ataambiwa kwa uhakika nani alikuwa wa kwanza na jina la mahali lilitokana na nini. Ni heri sasa, wakati waliokuwako bado wako, yaandikwe mengi iwezekanavyo, hata yasiyopatana.

Mwalimu wa darasa la sita na awape watoto wake kazi ya majuma mawili. Kila mtoto amwulize mtu mzima mmoja wa nyumbani, kwa heshima na baada ya chakula, maswali mawili tu: watu wetu walifikaje hapa, na wewe ulisikia kwa nani? Swali la pili lisiachwe, kwa maana ndilo linalotuonyesha kisa kimepita midomo mingapi. Aandike jina la kijiji na la mto kama lilivyotamkwa, asilifanye Kiswahili. Nusu ya watoto wamwulize babu na nusu wamwulize bibi. Hili twalisema kwa kusudi. Katika visa vyote tulivyovitaja juu, Semduda alichukua mimba, akazaa, akamlea mtoto aliyekuja kuwa mtawala, na baba wa mtoto alikufa mawindoni. Lakini maneno ya Semduda hayakuhifadhiwa hata moja. Hatujui kama aliambiwa afanye nini, wala alimwambia mwanawe nini alipouliza habari za baba yake. Pengine bibi mmoja ajua.

Na mtoto akirudi akasema, "Bibi amenieleza kisa tofauti na cha babu," mwalimu asifute kimojawapo. Na aviandike vyote viwili katika daftari moja, ukurasa wa huyu ukitazamana na ukurasa wa huyu, na tarehe juu.